Nyote Mlinde Malkia

Jumatatu, 18 Mei 1953

Mfungo wa nne. Koo kavu, kichwa chepesi, nia safi. Naandika haya nikiwa mtulivu kabisa.

Bi Biubwa, mwalimu wetu mkuu, ametutangazia leo kwamba baada ya Idi anastaafu. Miguu imemchosha. Atakwenda kukaa kwa mwanawe Unguja. Shule ya wasichana ya Bagamoyo itabaki bila mkuu, na walimu wenye cheti ni wawili tu: mimi, Mwaija binti Mrisho, na Thuwaiba binti Hamoudi. Bibi Mkaguzi wa shule atakuja kutoka Dar es Salaam tarehe 2 Juni, siku ya sherehe ya kutawazwa Malkia. Atatutazama kazini, kisha atachagua.

Mimi nina cheti cha daraja la kwanza. Nimesoma Dar es Salaam miaka minane. Nasoma Kiingereza bila kusogeza midomo. Thuwaiba ana daraja la pili na sauti nzuri.

Kisha Bi Biubwa akagawa kazi za sherehe. Thuwaiba: kwaya. Wasichana ishirini na wanne, wataimba mbele ya Bwana Shauri wa wilaya, mbele ya Liwali, mbele ya Padri, na mbele ya Bibi Mkaguzi mwenyewe. Mimi: viti.

Viti!

Nimejichunguza nafsi tangu adhuhuri hadi alasiri. Sikukuta wivu humo. Nimekuta haki iliyodhulumiwa.

Jumanne, 19 Mei

Wimbo wenyewe nimeuona. Umetungwa na karani mmoja wa Boma kwa ajili ya siku hiyo, na Kamati ya Sherehe imeupitisha. Unaanza hivi:

Mola, mlinde Malkia,
Mola, mwongoze kwenye njia.

Baadaye bendera inapepea, na vina vinapotea.

Nimeutazama kwa jicho la msomi. Huu si wimbo. Ni dua. Dua ya Serikali! Na Serikali ina dini gani? Swali zuri. Swali zuri namna hii halifai kukaa kichwani mwa mtu mmoja.

Kusengenya ndani ya Ramadhani ni dhambi. Kuuliza si dhambi. Kwa hiyo kabla ya magharibi nilipita kwa Mwalimu Mwinyijuma, mwenye chuo cha Kurani nyuma ya msikiti. Binti yake, Dija, ndiye sauti ya kwanza katika kwaya ya Thuwaiba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kwa heshima kama ameridhika Dija aombe dua ambayo haijulikani ataiitikia nani amin, Liwali au Padri.

Akasema hakujua kama ni dua. Alidhani ni wimbo wa kupokelea wageni, watoto wapige makofi wapewe keki.

Nikasema hata mimi sijui, nauliza tu.

Kisha akaniuliza habari za bendera, maana amesikia wasichana wataisimamia. Hapo elimu ikanitoka. Sikuweza kuizuia. Nilimweleza kwamba ile mistari ya bendera ya Kiingereza si mapambo, ni misalaba ya watakatifu, mmoja juu ya mwingine. Nikamchorea mchangani kwa ncha ya mwavuli. Akasema miaka yote alidhani ni ususi wa mkeka.

"Misalaba mingapi?" akauliza.

Mitatu, nikasema. Nikamwona anaihesabu. Nikaaga. Adhana ikalia. Nimefuturu kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Alhamisi, 21 Mei

Ushindi! Dija hakuja mazoezini. Wala Ashatu. Wala wale pacha wa mjumbe wa soko. Wanne kwa siku mbili, na mimi sijasema neno, nimeuliza tu.

Thuwaiba akapanga upya mistari, akashika sauti ya kwanza yeye mwenyewe, wala hakununa. Hilo nalo ni la kuudhi. Jioni ameniletea bakuli la tambi za nazi kwa ajili ya futari. Akaniambia, "Shoga, umekonda. Viti vinakutesa?" Anajifanya mwema. Tambi zilikuwa nzuri sana. Nimezimaliza zote ili asifahamu kwamba nimekasirika.

Jumatatu, 25 Mei

Kuna jambo halijaenda sawa.

Ijumaa, baada ya sala, maneno yalitembea. Nililolisema mimi lilikuwa swali. Lilipofika majumbani lilikuwa jibu. Jana mama alinisimulia huku anamenya mihogo, kana kwamba ni habari ngeni kwangu. Eti anayeuimba wimbo ule mara tatu mfululizo amekwisha kubatizwa bila kuguswa na maji. Eti wasichana watapitishwa chini ya bendera, na kila msalaba utahesabiwa mara moja. Eti keki za Kamati zimekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema sijasikia. Akasema ajabu, maana aliyefichua yote haya ni mwalimu wa kike, msomi hasa, aliyeichora bendera mchangani. Watu wanasema ni Thuwaiba.

Thuwaiba! Kazi nifanye mimi, sifa apewe yeye!

Nikataka kumsahihisha mama. Nikameza. Kisha akasema mdogo wangu Fatu hatakwenda shule tena mpaka mambo haya yapite.

Leo asubuhi nikafungua daftari la mahudhurio. Kumi na saba. Kati ya hamsini na wawili! Darasa langu la hesabu lilikuwa na wasichana watatu, na mmoja alikuja kuchukua ubao wake. Mimi nilitaka waikimbie kwaya. Hesabu imewakosea nini?

Saa nne Bi Biubwa akatuita. Ana barua ya Boma mkononi. Bwana Shauri amesikia madarasa ni matupu. Kama siku ya sherehe hawatafika wasichana arobaini, shule itafungwa, na watakaobaki watapelekwa kwa wavulana. Kwa wavulana! Hakuna baba hata mmoja Bagamoyo atakayekubali. Kwa hiyo hakutakuwa na shule, na pasipo na shule hapana mkuu wa shule.

Kisha nikamkumbuka Fatu. Ana miaka tisa. Ndiyo kwanza wiki mbili tangu aanze kuandika jina lake bila kuligeuza. 

Thuwaiba akatoa shauri. Twende kwa Liwali na kwa Padri, waketi pamoja mbele ya wazazi, kila mmoja aseme kwamba hakuna mtoto atakayegeuzwa dini. Basi. Nikasema jambo hilo litachukua muda mrefu. Kwa kweli lingechukua asubuhi moja, lakini lingekuwa shauri lake.

Nikasimama. Nikatoa hotuba. Nikasema fitina yote hii imeletwa na kuchanganya vitu viwili visivyochanganyika. Serikali isiswali, na msikiti usikusanye kodi. Wala kanisa lisipige saluti. Tumtoe Mola katika wimbo, wimbo ubaki wa Serikali peke yake, na hapo hakuna mzazi, Mwislamu wala Mkristo, atakayekuwa na la kusema.

Bi Biubwa akanitazama usoni. Akauliza, "Mwanangu, daku ulikula?"

Lakini akakubali. Zimebaki siku nane na yeye miguu inamuuma. Wimbo ninao mimi. Nimepewa mpaka kesho niutengeneze.

Jumanne, 26 Mei

Kumtoa Mola ni rahisi. Taabu ni nafasi anayoiacha. Silabi mbili, mwanzo wa kila mstari. Nani akae pale?

"Sheria" ni ndefu. "Polisi" ni ndefu na inaleta picha mbaya. "Baba" ingeenea, lakini baba yake amefariki, na ndiyo sababu ya sherehe yenyewe. "Mume" nikaona haya kuiandika. Nikajaribu "Malkia na ajilinde". Nikausoma kwa sauti. Unasikika kama tumegombana naye.

Saa nane mchana, vinyota vikielea mbele ya macho, likanijia. NYOTE! Nyo-te. Silabi mbili. Likaingia pale pale alipokuwa Mola, wala halikuhitaji kubadili herufi nyingine hata moja:

Nyote, mlinde Malkia,
Nyote, mwongoze kwenye njia.

Ajabu ya lugha yetu! "Mlinde" ya kumwomba Mola amlinde yeye, na "mlinde" ya kuwaambia nyinyi mlinde, ni neno lile lile. "Mwongoze" vivyo hivyo. Nimetenganisha dini na Serikali kwa neno moja, bila kumwaga damu, kabla ya alasiri. Nimesoma kwamba Ulaya ilibidi wapigane miaka mia na zaidi.

Nimetetemeka kwa furaha. Au kwa njaa. Vinafanana.

Alhamisi, 28 Mei

Nimewapitia wazazi nyumba kwa nyumba na wimbo mpya. Nimewaambia Mola hayumo, msalaba hautaimbwa, na keki ni za samli, nimeulizia mwenyewe. Mwalimu Mwinyijuma akausoma wimbo mara mbili, akamtafuta Mola, hakumwona, akaridhika. Kisha akauliza, "Hao nyote, ndio sisi?" Nikasema ndiyo, raia wote. Akasema aha.

Hiyo aha sikuipenda, lakini nilikuwa na nyumba nyingine ishirini.

Leo shuleni wasichana thelathini na mmoja! Fatu bado. Mama anasema atangoja aone wa wenzake wanarudije.

Kibwana, mlinzi wetu wa shule, alisimama mlangoni wakati wa mazoezi akisikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Kibwana alipigana Burma, akarudi na buti, na mpaka leo sijamwona bila buti. Wimbo ulipokwisha akapiga saluti. Akaniambia miaka sita amekuwa akilia kwamba ulinzi si kazi ya mtu mmoja, na leo Serikali imekubali, tena kwa nyimbo. Kisha akauliza Malkia atapitia njia gani.

Nikacheka. Nikamwambia kwa mzaha kwamba mtu mkubwa kama yule hawezi kuja kwa njia ya mkato, lazima azunguke na barabara kuu, ashikie Chalinze, akate kona Msata.

Hakucheka. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kiganjani.

Jumapili, 31 Mei

Mashemeji wa Kibwana wako Msata. Kibwana amewapelekea salamu kwa dereva wa lori. Dereva amezungumza kila aliposimama. Mengine nimeyapata kwa Fatu, ambaye ameyapata kisimani.

Malkia anakuja Bagamoyo, yeye mwenyewe, na taji. Serikali imeamuru watu wote wamlinde na wamwongoze njia, kwa sababu Wazungu wenyewe hawaijui. Amri imefichwa ndani ya wimbo wa watoto ili maadui wasiielewe. Watu wa Ubena, ile ya karibu na Chalinze, wamekwisha kuondoka. Watu wa Vigwaza wanafyeka majani kando ya barabara. Watu wa Msata wanagombana nani ashike upande wa kulia.

Mama ameazima doti mpya ya kanga. Fatu atakwenda, hata iwe misalaba kumi. Mtu hamkosi Malkia kwa sababu ya kitambaa, anasema mama.

Nikamwambia mama kwamba Malkia yuko kwao Ulaya, na huko huko ndiko atakakovishwa taji, siku hiyo hiyo. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Umesoma sana mwanangu, lakini Serikali ikitaka kupita, itakuaga wewe?"

Nikafikiri kumwambia Thuwaiba. Haki ya Mungu nilifikiri. Nilifika mpaka barazani kwao. Kupitia dirishani nikamsikia anacheka na mama yake. Nikarudi. Mtu anayecheka vile haifai kumsumbua kwa habari.

Jumanne, 2 Juni

Naandika alasiri.

Saa tatu asubuhi uwanja wa shule ulikuwa shwari. Viti vyangu sabini na viwili vilinyooka kama vimechorwa kwa rula. Picha ya Malkia ilikuwa ndani ya fremu, juu ya meza iliyotandikwa bendera. Na wasichana? Hamsini na wawili kati ya hamsini na wawili! Tena na wengine kumi na wanane ambao hawamo katika daftari lolote, wameletwa na baba zao kwa lori kutoka Msata wamwone Malkia. Nililia kidogo nyuma ya kabati la ramani. Bibi Mkaguzi akawahesabu kwa kalamu, akatabasamu, akaandika kitu. Shule imepona. Nikaenda kunyoosha kiti ambacho hakikupinda.

Saa tatu na nusu wakaanza kuingia.

Mbele Kibwana, buti zimepigwa rangi. Nyuma yake watu wa Msata. Marungu. Fimbo. Mikuki mitatu ya babu zao. Mmoja ameshika kandili inayowaka, mchana kweupe, ya kuongozea njia. Kisha watu wa Vigwaza na mapanga yao ya kufyekea. Kisha watu wa Ubena, wamesafiri siku mbili kwa miguu na saumu hawakuifungua, ingawa msafiri ana ruhusa. Mia mbili. Labda mia tatu. Wakauzunguka uwanja wote, wakasimama migongo kwetu na nyuso nje, kama Kibwana alivyowafundisha.

Bwana Shauri ni mweupe. Akazidi. Kila mtu anajua maasi yanayotokea Kenya mwaka huu. Akamuuliza Liwali kwa sauti ndogo watu hawa wanataka nini. Liwali akamuuliza Padri. Padri akamuuliza Bi Biubwa. Bi Biubwa akanitazama mimi.

Nikahesabu viti.

Polisi walikuwa wanne, na mmoja akaanza kuvua bunduki begani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wasichana wote walikuwa katikati. Fatu alikuwa mstari wa mbele, anapunga bendera ya karatasi, anatafuta taji.

Mzee mmoja wa Ubena, vumbi mpaka kwenye nyusi, akajitokeza akasema kwa adabu kubwa kwamba wao wamefika, wako tayari, wanaomba tu kuonyeshwa Malkia yuko wapi. Jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu. Nikafungua kinywa. Nikasema, "Karibu kiti, baba."

Thuwaiba ndiye aliyesogea. Akamwamkia mzee shikamoo, akainua sauti yake ile ile ya kuimbia, uwanja wote ukasikia. Akasema Malkia yuko kwao Ulaya, hakuja, wala hakuahidi kuja. Akasema kosa ni la neno. Wimbo ulikuwa unamwomba Mola amlinde. Neno likaanguka njiani, likaokotwa jingine, na kazi ikawaangukieni nyinyi. Hakusema nani aliyeliangusha. Afadhali angesema. Ningeweza kumchukia kwa raha.

Mzee akafikiri. Akauliza kama ni kweli aliyetakiwa kumlinda ni Mola, si wao. Akaambiwa ndivyo. Akauliza, na kumwongoza njia pia? Akaambiwa, na njia pia.

"Basi mrudisheni Mola, binti yangu," akasema. "Sisi tumeacha mihogo haijapaliliwa."

Uwanja ukaangua kicheko. Polisi akairudisha bunduki begani. Watu wakaanza kupiga kelele Mola arudishwe, na mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mwalimu Mwinyijuma. Nikamsogelea, nikamkumbusha kwa upole kwamba ile ni dua. Akasema anajua ni dua, ndiyo maana anaitaka. Dua haipangiwi zamu. Na misalaba je, mwalimu? Akasema bendera ni ya mwenye bendera, amri ni ya Mola, na Mola ni mmoja, kila mtu ataitikia kwa ulimi wa nyumbani kwake. "Na wewe, Mwaija," akasema, "wimbo wako ulitaka kunipeleka vitani na magoti haya?"

Liwali akatikisa kichwa, kukubali. Padri vivyo hivyo. Wasichana wakaimba, Mola mahali pake. Mwisho wa wimbo wengine wakainua viganja, watu wa misheni wakafanya ishara ya msalaba, na amin ikatoka moja, kunguru wote wakaruka kwenye paa la shule. Bwana Shauri naye alisema amin. Nilimwona.

Nitakuwa mkweli, maana ni Ramadhani. Jambo hili ndilo Thuwaiba alilolisema tangu mwanzo. Lakini yeye alitaka watu wawili waseme mbele ya wazazi. Mimi nimeleta mia tatu. Tofauti ni kubwa.

Watu wa mbali hawakukubali kurudi hivi hivi, miguu imekwisha kuja. Kibwana akaichukua ile picha, akaiweka kichwani, na wote wakaizunguka kwa marungu na mapanga, wakaiongoza njia mpaka Boma, mwenye kandili mbele. Bwana Shauri akadhani imo katika ratiba. Akapiga saluti.

Keki ziligawiwa saa nne asubuhi, mwezi wa mfungo. Kamati haikufikiri. Kila msichana akafunga ya kwake ndani ya leso mpaka magharibi. Fatu amekaa nayo mapajani tangu adhuhuri, anaichunga.

Viti vinane vimevunjika.

Jumatano, 3 Juni

Bibi Mkaguzi amechagua. Thuwaiba.

Alitutangazia ofisini, Bi Biubwa akiwa amekaa. Nikampa Thuwaiba mkono wa pongezi. Akanikumbatia, akasema, "Shoga, usiniache peke yangu na daftari zile." Nikasema ahsante. Nikatoka, nikaenda darasani, nikaandika ubaoni mgawanyo mrefu wa hesabu, nikaufanya mpaka mwisho. Ukabaki baki. Nikaukosea makusudi ili nianze tena.

Sikulia. Chaki iliniingia machoni.

Saa sita Bibi Mkaguzi akaniita tena, peke yangu. Akaniuliza wale wasichana kumi na wanane wa Msata wameletwa na nani. Nikasema, kwa kweli kabisa, wameletwa na wimbo nilioutunga. Akasema amezungumza na baba zao jana, na wamesema kwa kuwa watoto wamekwisha kutoka nyumbani, na hakuna aliyebatizwa wala kuliwa, basi wasome. Lakini wasome Msata, si Bagamoyo. Kwa hiyo inatakiwa shule ndogo ya wasichana Msata. Chumba kimoja. Mwalimu mmoja.

Mwalimu mmoja! Mwalimu akiwa mmoja, mkuu ni nani?

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Mama amelia, kisha ameamua kwamba shangazi Mgeni atafuatana nami ili watu wasipate la kusema.

Nimejichunguza tena kwa haki. Wazo langu lilikuwa sahihi kabisa. Neno tu ndilo lililokuwa na matatizo, na neno si langu, ni la lugha.

Jumatatu, 6 Julai. Msata

Chumba ni cha udongo, paa la makuti, dirisha moja. Wasichana kumi na wanane wote wamekuja. Malori yanapita siku nzima, na kila likipita wanasimama kuangalia ndani. Nimewaambia mara tano kwamba Malkia hayumo. Hawajakata tamaa.

Boma wameniletea bendera ya shule. Nimeitazama. Nimeikunja. Nimeiweka sandukuni. Hapa sitaki habari za misalaba, wala za mwezi na nyota, wala za nani aitikie amin. Hapa nitaanza upya, kwa akili. Shule itakuwa na alama yake yenyewe: twiga. Twiga yumo hata katika alama ya Tanganyika, hivyo hakuna mtu wa Serikali atakayelalamika. Na twiga haswali, haendi kanisani, hafungi wala hafungui. Nimemchora ukutani kwa mkaa na chokaa, shingo mpaka darini. Wasichana wamefurahi sana.

Alasiri akaja Bwanausi, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Msata, mtu mpole, kutuamkia jirani. Akalisifu darasa. Akamtazama twiga kwa muda. Akauliza, kwa udadisi tu, hakuna nia mbaya, kama nyama ya mnyama huyu ni halali.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nimesoma. Nikamweleza kwamba jambo hilo ni zito, kwamba wanazuoni wakubwa wamegawanyika, na kila upande una hoja zake, na nikamtajia chache.

Hakuwahi kusikia. Macho yalimwaka. Amesema habari hii watu wote wanapaswa kuijua, maana kuna wawindaji hapa wameila miaka na miaka, na kuna wengine hawajawahi kuigusa. Amenialika Ijumaa, baada ya sala, nisimame barazani kwake niwaeleze pande zote mbili, watu wakiwa wengi.

Nimekubali. Twiga hana dini. Hapa sioni kitakachoharibika.